Jina la Pedeshee Juu ya Nota

Karatasi ya nota ninayoizungumzia ina mistari michache tu. Juu, katikati, kwa herufi kubwa, imeandikwa Miss Admiral Gordon's Strathspey. Chini yake, pembeni kulia, kwa herufi ndogo ambazo mtu mwenye haraka anaziruka: William Marshall. Mara ya kwanza nilipoiweka mbele ya fidla yangu nilidhani mchapaji kakosea. Miss ni msichana ambaye hajaolewa. Admirali ni mkuu wa manowari. Sasa msichana gani huyo wa karne ya 18 aliyekuwa akiamrisha mabaharia?

Hakuna aliyekosea. Wakubwa wa Uskoti wa zama zile walikuwa na desturi ya kumtaja binti kwa cheo cha baba yake, na akishaolewa, kwa cheo cha mumewe. Huyu ni binti wa Admirali Gordon, basi. Jina lake mwenyewe, lile aliloitwa na mama yake akichelewa mezani, halimo. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto aliyemzaa, Mama Asha, Mama Juma. Kwao aliitwa kwa mwanamume anayemlisha. Marshall huyuhuyu ana tuni nyingine iitwayo Mrs. Major L. Stewart of the Island of Java, yaani mke wa Meja Stewart wa kisiwa cha Java. Waingereza waliishika Java kuanzia 1811 hadi 1816 tu, na jina hilo linanukia miaka hiyohiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuni moja ilitungwa na mtumishi wa nyumbani, ikapewa jina la binti wa mkubwa. Mshairi akaichukua, akaitilia jina la mkewe. Na wakati hayo yakiendelea, wenye biashara ya muziki Edinburgh walikuwa wakichapa tuni za mtumishi yule bila kumuuliza, nyingine kwa majina mapya. Mwenye tuni alikaa kimya miaka arobaini hivi. Alipofungua mdomo alikuwa na miaka 73.

Watu wengi husema majina haya ya mabwana na mabibi yalikuwa heshima tu, adabu ya zamani. Mimi naona yalikuwa stakabadhi, na kisa hiki ndicho kilichonifanya nione hivyo.

Mtumishi mwenye fidla

William Marshall alizaliwa Fochabers tarehe 27 Desemba 1748. Fochabers ni mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Uskoti, karibu na mahali mto Spey unapoingia baharini, na wakati ule riziki ya watu wake ilitoka zaidi kwenye lango la Gordon Castle, kasri la Duke wa Gordon. Kwao hapakuwa na kitu. Shule aliipata kwa miezi. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi aliingizwa kasrini kumsaidia msimamizi wa nyumba, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa yeye ndiye msimamizi: funguo za ghala kwake, mvinyo wa Duke kwake, watumishi wote chini yake.

Fidla alijifundisha mwenyewe. Alijifundisha pia kutengeneza saa, kupima ardhi na kusoma nyota. Saa aliyoitengenezea nyumba ile ilitaja tarehe na umri wa mwezi mbali na kutaja wakati. Mtu mwenye kichwa cha namna hiyo, angezaliwa chumba kingine cha kasri lilelile, angepelekwa chuo kikuu.

Bahati yake ilikuwa bwana wake. Alexander, Duke wa nne wa Gordon, alimzidi miaka mitano tu. Walikulia chini ya paa moja, na Duke mwenyewe alipenda muziki hata akatunga maneno ya wimbo. Mkewe, Jane Maxwell, alikuwa mwanamke wa karamu na dansi; nyumba yake ilihitaji muziki kama jiko linavyohitaji kuni. Mtumishi aliyeweza kuleta muziki huo kila jioni bila mtu kutumwa mjini kutafuta bendi alikuwa na thamani kuliko mshahara wake ulivyosema.

Sehemu kubwa ya alichotunga ni strathspey, dansi iliyopata jina lake kwenye bonde la mto Spey wenyewe. Ni ndugu wa rili, dansi nyingine ya Kiskoti, ila rili hukimbia na strathspey hutembea kwa madaha. Utamu wake uko kwenye nota fupi inayotangulia nota ndefu: upinde unagusa uzi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha unatua na kukaa. Zipige nota hizo kwa urefu sawa na hutakuwa umekosea sauti hata moja, lakini strathspey haipo. Mimi ilinichukua majuma kuacha kuzinyoosha. Mkono uliozoea kumfuata mwimbaji wa taarabu hupenda nota inayonesanesa, na tuni hii kunesanesa haitaki.

Tena za Marshall ni ngumu. Alipenda kuziandika kwenye funguo zisizovipa vidole nafasi ya kupumzika juu ya uzi mtupu, na wapigaji wakalalamika. Jibu lake linasimuliwa mpaka leo: yeye hawaandikii mabumbumbu, wakafanye mazoezi.

Daftari la mchango

Mwaka 1781 Marshall alichapisha Edinburgh mkusanyo wake wa kwanza, na tuni ya binti wa Admirali imo. Ukisoma majina ya tuni za enzi hizo, zake na za wenzake, ni kama umesimama mlangoni na orodha ya waalikwa: Marquis wa Huntly, Lady Charlotte Campbell, Miss Stirling wa Ardoch, na hivyo hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji wa leo hujiuliza kama mtunzi alimpenda huyu au yule. Swali hilo limekosea mlango. Ulizeni nani alinunua vitabu.

Kuchapisha muziki kulikuwa ghali. Kila nota ilichongwa kwa mkono kwenye bamba la madini, na hakuna mchapaji aliyeanza kuchonga kabla hajajua nani atanunua. Kwa hiyo kitabu kiliuzwa kabla hakijazaliwa. Watu walijiandikisha, na majina yao yakachapwa kurasa za mbele, wenye vyeo wakionekana kwa vyeo vyao, na aliyetaka nakala nyingi akitajwa na idadi yake. Aliyewahi kushika daftari la mchango wa harusi anaujua mchezo huu kuliko mimi. Mtu hulipokea, halafu kabla hajaandika chake hupitisha jicho juu aone fulani ametoa ngapi. Sasa kama jina la binti yako liko ndani ya kitabu, juu ya tuni nzima, huwezi kuandika nakala moja. Shangazi atataka yake, na mkwe mtarajiwa lazima apelekewe.

Kisha kuna ukumbi wenyewe. Katika dansi za safu, waliosimama juu ya safu ndio waliotaja tuni ya kupigwa. Mfikirie msichana wa miaka 18, ukumbi umejaa wachumba na mama zao, na bendi inaambiwa ipige tuni yenye jina lake. Duchess Jane aliwaoza mabinti watatu kwa ma-Duke na mmoja kwa Marquis. Sisemi ni fidla iliyowaoza, lakini nyumba ile ilijua faida ya jina kusikika mahali penye watu. Mmoja wao, Charlotte, ndiye aliyeandaa ile dansi ya Brussels ya usiku wa tarehe 15 Juni 1815, siku tatu kabla ya vita vya Waterloo, na burudani mojawapo ilikuwa askari wa kikosi cha Gordon, kilichoundwa na familia yake mwaka 1794, wakicheza rili mbele ya wageni. Baadhi ya waliokuwa ukumbini hawakuimaliza wiki ile wakiwa hai.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu hapa. Wimbo umefika katikati, gitaa linapanda, mwimbaji anaacha habari za mapenzi na kuanza kumwaga majina. Pedeshee, tajiri anayetoa pesa atajwe, yuko kona, anachezea glasi kama hakusikia. Pesa yake itaisha, biashara yake itayumba, jina litaendelea kutajwa kila wimbo unapopigwa. Wanamuziki wa Kongo wameifanya kuwa taaluma kamili, yenye bei zake. Uskoti jina halikuweza kuingia ndani ya wimbo kwa sababu tuni hazikuwa na maneno. Likakaa juu ya karatasi.

Malipo hayakuwa lazima yawe noti mkononi. Baadhi ya wana wa Marshall walipata uofisa jeshini, kitu ambacho mjukuu wa maskini wa Fochabers hakukipata bila mkono wa mkubwa. Yeye mwenyewe alipoondoka kasrini mwaka 1790 alipata shamba la Keithmore, na akawa wakala wa ardhi za Duke hadi 1817, mtu anayeshika daftari la kodi za wapangaji. Hesabu ya namna hii huwezi kuiandika kwenye karatasi moja kwamba tuni fulani ililipwa kadhaa. Ilikuwa maisha mazima ya kupeana.

Akina Gow

Upande wa pili wa kisa yuko Niel Gow (1727–1807) wa Inver, karibu na Dunkeld, Perthshire, na mwanawe Nathaniel. Niel alifundishwa ufumaji wa nguo, akaishia kuwa mpiga fidla aliyejulikana kuliko wote Uskoti. Kijana wa miaka 18 hivi, alishinda mashindano yaliyoamuliwa na kipofu, John McCraw, aliyesema angeutambua upinde wa Niel kati ya wapigaji mia. Duke wa Atholl alimpa pauni 5 kwa mwaka, mbali na malipo ya kila dansi. Henry Raeburn alimchora ameketi na fidla yake na suruali ya mirabamiraba, picha ambayo bado inatumika kila mtu anapotaka kuonyesha mpiga fidla wa Kiskoti anafananaje.

Alijua kuzungumza na wakubwa. Inasimuliwa kwamba Duchess wa Gordon, huyuhuyu Jane, alimlalamikia siku moja kuwa anasikia kizunguzungu na kichwa kinavuma. Niel akamwambia hali hiyo anaijua vizuri: akilewa usiku, asubuhi huhisi kama mzinga wa nyuki umehamia ndani ya kofia yake. Mtu akiweza kumjibu hivyo bibi mkubwa na akaitwa tena dansi inayofuata, huyo si mtumishi wa kawaida. Marshall, aliyeishi nyumba moja na bibi huyo, nadhani asingethubutu.

Nathaniel alikuwa mfanyabiashara. Aliongoza bendi iliyotafutwa na kila nyumba kubwa ya Edinburgh, na kuanzia 1796 akawa na duka la muziki na uchapaji pamoja na mwenzake. Mikusanyo ya familia ilikuwa imeanza 1784, ule wa kwanza ukitolewa kwa heshima ya Duchess wa Atholl. Ilikuwa kazi safi, iliyochongwa vizuri, ikaenea hadi kwenye piano za mabinti ambao hawakuwahi kumwona mpiga fidla wa kijijini. Na humo ndimo tuni za Marshall zilimotokea, karibu zote bila jina lake, kadhaa zikiwa zimebatizwa upya.

Kama jina ni pambo, kulibadilisha ni utundu tu, kosa la adabu. Kama ni stakabadhi, mambo mengine kabisa. Ninavyousoma mimi mchezo huu: mwenye bendi na duka mjini ana wateja wake, mabibi wanaosubiri kuona majina yao. Kutunga tuni nzuri ni kazi, na nzuri hazitoki kila siku. Huko kaskazini yuko msimamizi wa nyumba aliyezitunga tayari. Futa jina la bibi wa kaskazini, andika la bibi mwingine. Tuni ileile inalipiwa mara ya pili, na safari hii aliyeitunga hayumo kwenye hesabu. Tena bibi wa kwanza naye kaibiwa, maana alichonunua ni kubaki juu ya karatasi ile.

Akina Gow wana utetezi, na si wa kupuuza. Tuni zilisafiri kwa masikio. Mpigaji aliisikia kwenye dansi bonde moja, akaipeleka bonde jingine, na kule ikapata jina la mwenye ukumbi. Kila mpigaji alikuwa na mfuko wa tuni asizojua baba zao. Hata tuni yetu hii haikusalimika: William Stenhouse, aliyeandika maelezo ya nyimbo za Uskoti karne ya 19, alidai kuwa Marshall mwenyewe aliijenga juu ya tuni ya wimbo wa zamani zaidi, The Lowlands of Holland. Ukizipiga mfululizo utasikia undugu. Lakini undugu si kunakili. Marshall alichukua matope akafinyanga chungu. Tofauti yake na mtu anayechukua chungu kilichokwisha kuchomwa na kubadilisha alama ya mfinyanzi inaonekana kwa macho. John Glen, mtengenezaji wa ala wa Edinburgh aliyezichambua tuni hizi mwishoni mwa karne hiyo, aliwashambulia akina Gow kwa ukali ambao bado unachoma ukiusoma. Mimi naona alizidisha kidogo. Ila kuhusu Marshall hakuzidisha.

Jean anaingia

Septemba 1787 Robert Burns, ndiye yule mshairi, alipita Gordon Castle. Alikaribishwa mezani, akafurahi, na angekaa, kama si rafiki aliyesafiri naye, William Nicol, kuachwa nyumba ya wageni Fochabers na kuvimba kwa hasira kwamba hakualikwa. Burns alilazimika kuondoka. Lakini habari za msimamizi wa nyumba anayetunga zilimfikia, naye ndiye aliyemwita Marshall mtunzi wa kwanza wa strathspey wa zama zake.

Mwaka uliofuata Burns alikuwa Ellisland, karibu na Dumfries, akijenga nyumba ya shamba. Mkewe, Jean Armour, alibaki Mauchline, Ayrshire, mpaka nyumba iwe tayari. Katika miezi hiyo ya kulala peke yake alichukua tuni ya binti wa Admirali akaitia maneno: kati ya pande zote unakotoka upepo, yeye anaupenda wa magharibi, kwa kuwa huko ndiko aliko Jean. Wimbo ulichapwa 1790 katika juzuu ya tatu ya Scots Musical Museum, mkusanyo wa nyimbo uliochapishwa na James Johnson. Maneno yake ya kwanza, Of a' the airts the wind can blaw, yakawa jina lake.

Burns hakuficha kitu. Kwenye maelezo yake aliandika kwamba tuni ni ya Marshall, na wimbo aliutunga kumsifu Mama Burns, akaongeza kwamba ilikuwa wakati wa fungate. Na kwa nyimbo alizompa Johnson hakutaka kulipwa. Kwa hiyo katika kisa kizima, jina pekee lililowekwa juu ya tuni hii bila mfuko wa mtu nyuma yake ni la Jean, binti wa fundi mwashi wa Mauchline.

Na tazama: fundi mwashi hakuwa na cheo cha kumkopesha bintiye. Jean anatajwa kwa jina lake. Binti wa Admirali, aliyepewa tuni kwanza, hajatajwa mpaka leo.

Sauti nayo ilibadilika. Tuni ya fidla hupanda na kushuka kuliko koo la kawaida linavyopenda, na waimbaji wengi huchagua ufunguo kwa tahadhari kubwa. Ikiimbwa, ile mikatiko ya nota fupi hulainika, mguu haurukiruki tena. Inakuwa wimbo wa mtu aliyesimama dirishani. Nimeipiga kwa namna zote mbili jioni moja na msikilizaji wangu hakutambua kuwa ni kitu kimoja. Wengi wanaoijua leo wanaijua kwa namna hiyo ya pili. Kwa maneno mengine, kilichomfuta binti wa Admirali hakikuwa duka la Edinburgh. Ni mshairi aliyemkosa mkewe, tena mshairi aliyetaja kila aliyestahili kutajwa.

Lalamiko la 1822

Mwaka 1822 Marshall alitoa kitabu chake kikubwa, tuni 176, kwa heshima ya mke wa Marquis wa Huntly, mrithi wa Duke. Ni mwaka uleule Mfalme George IV alipozuru Edinburgh na wakubwa wote wakajivika mavazi ya mirabamiraba. Mbele ya kitabu, orodha ya waliojiandikisha, ndefu. Na mbele ya kitabu hichohicho, lalamiko.

Namna alivyoliweka inafundisha. Hakulalamika kwamba tuni zake zilichapwa na wengine. Hilo, kwa kusoma maneno yake, angeweza kulimeza. Kilichomkera ni kwamba majina yalibadilishwa bila idhini yake, na kwamba jina lake kama mtunzi halikutajwa isipokuwa mahali pamoja au pawili. Hakuwataja wakosaji. Hakuhitaji, kila mwenye kitabu cha Gow nyumbani alijua.

Kwa nini kimya cha miaka yote hiyo? Sheria haikuwa mbali. Mwaka 1777, miaka minne kabla ya mkusanyo wake wa kwanza, mahakama ya London ilikuwa imeamua katika kesi ya Johann Christian Bach dhidi ya mchapaji Longman kwamba muziki uliochapwa unalindwa kama vitabu. Ulinzi wenyewe ulikuwa miaka 14, na mingine 14 mtunzi akiwa bado hai. Marshall angeweza kwenda. Alipolalamika hatimaye, tuni za 1781 zilikuwa zimeshatoka nje ya ua huo zamani.

Nadhani jibu liko kwenye stakabadhi zenyewe. Alipokuwa kasrini, malipo yake yalitoka kwa Duke, na Duke alijua fika tuni ni za nani. Edinburgh wangeandika wanachotaka. Shamba la Keithmore lisingehamishwa kwa sababu hiyo. Na kumshitaki Nathaniel Gow kungekuwa kumburuza mahakamani mtu aliyechezesha sebule za jamaa na marafiki wa bwana wako. Mtumishi mwenye busara hafanyi hivyo. Lakini kufika 1822 alikuwa amestaafu, hana ofisi, na kwa mara ya kwanza alikuwa akiuza kitabu kikubwa kwa umma mpana usiomjua. Mteja wa Edinburgh akifungua kurasa angesema: hizi tuni tunazo, ni za Gow. Jina lililofutwa miaka ya nyuma likawa sasa na bei. Ndipo alipozungumza, na alizungumza kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa amefundishwa mezani pa Duke.

Kuna wanaosema hapo alichelewa. Mimi sioni angewahi vipi. Haki yake ilikuwa imefungwa ndani ya utumishi wake, vilitoka pamoja.

Nathaniel alifilisika mwaka 1827, licha ya bendi na wateja wake wote. Mwaka huohuo Duke Alexander alifariki. Mwanawe George akafuata 1836 bila mrithi halali, na cheo cha Duke wa Gordon kikafa naye. Ardhi ikaenda kwa mwana wa Charlotte, yule wa dansi ya Brussels. Sehemu kubwa ya kasri ilibomolewa karne iliyopita. Nyumba iliyompa Marshall majina mengi kuliko yoyote haipo kama alivyoijua, na anayetaka kusikia Marquis wa Huntly akitajwa kwa furaha aende mahali penye fidla.

Marshall alizeekea Newfield Cottage, karibu na Craigellachie, bado kando ya Spey. Hapo karibu Thomas Telford alikuwa amejenga kati ya 1812 na 1814 daraja la chuma, upinde mmoja mwepesi juu ya maji ya kasi. Mzee alilitungia tuni: Craigellachie Brig. Ni ya funguo ngumu, kama kawaida yake. Agosti 1829 Spey ilifurika kuliko kumbukumbu za mtu yeyote. Sehemu ya daraja la mawe la Fochabers ilisombwa, la Craigellachie likasimama. Alifariki tarehe 29 Mei 1833, akazikwa Bellie, karibu na lango alilolipita na miaka 12. Daraja lile halikujiandikisha kununua nakala hata moja, na ndiyo tuni yake ninayoipenda kuliko zote.